Barua Ndani ya Friza

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Miezi saba, mdogo wangu. Miezi saba hujaukanyaga mlango huu, na basi la kuja kwangu ni moja tu, hata kubadilisha njiani hakuna. Unasema magoti. Magoti yangu ni dada wa magoti yako, na yanapanda ngazi hizi kila siku na ndoo mkononi. Basi sikusimulii tena kwenye simu, maana unanikatiza. Naandika humu. Ukija utakaa, utasoma, utanyamaza.

Mwandiko uuvumilie. Shule sikuiona hata mlango. Herufi nimefundishwa na mjukuu wangu Sisimizi, yeye akiwa darasa la tatu, mimi nikiwa na miaka sitini na mbili, na alikuwa akinisahihisha kwa wino mwekundu bila huruma. Sisimizi ni jina nililompa mwenyewe. Tangu mdogo hubeba mizigo inayomzidi mwili. Sasa anabeba mwanga. Miaka sita yuko chuoni, kwenye chumba cha chini ya ardhi, anaurusha mwanga chembe moja moja kama mtu anayechambua mchele gizani. Wa rika lake wana nyumba na watoto. Yeye ana mvi mbili. Nimeziona.

Leo saa nne asubuhi barua imekuja. Ile barua. Kitabu chake cha miaka sita kimesomwa na watahini watatu, na barua ndiyo inayosema: ama wamekikubali, aje akitetee mbele yao awe daktari wa elimu, ama wamekikataa. Mkuu wa idara yao ni mzee asiyeamini simu kwa jambo zito. Majibu huja kwa mkono, bahasha imebandikwa kwa gundi na kupigwa mhuri. Tarishi akasema mwenyewe ajibu ndani ya siku saba. Akichelewa, mtahini wa kutoka mbali hapandi ndege, na zamu nyingine ni mwakani. Nikamwambia siku saba ni nyingi, Mungu aliumba dunia na bado akabakiza ya kupumzika. Nikatia sahihi.

Kisha nikaificha.

Usinikodolee macho. Sikiliza kwanza. Juma lililopita tulikuwa tunamenya viazi, nikamuuliza hasa anatafuta nini kule chini. Akasema chembe ya mwanga, kabla hujaipima, huwezi kusema iko huku wala kule. Njia zote mbili zimo ndani yake, zinaingiliana kama mawimbi kwenye karai. Ukiipima, imekuwa moja. Nikamuuliza nani anayeamua iwe ipi. Akacheka. Akasema, bibi, watu wanagombana miaka mia kwa swali hilo, na wewe umelifikia kwa kiazi kimoja.

Sasa, nyumba hii imepata barua nzito mbili tu. Ya kwanza, babu yake kuachishwa kazi. Ya pili, ile ya hospitali, ya babu yake huyohuyo. Zote nilizichana mimi kwa kidole hiki, akasoma mwingine. Mkono wangu hauna bahati na bahasha. Maadamu hii imefungwa, ndani mna ndiyo na mna hapana, na hakuna aliyeshinda. Nitaiacha hivyo mpaka nimpate mtu wa mkono mzuri.

Iko chini ya mto wa kigoda.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mkwe amekuja. Unamjua, bibi mzaa baba wa Sisimizi, wa mtaa wa pili, yule aliyesoma mpaka darasa la saba na mpaka leo hajamaliza kulisema. Amekutana na tarishi sokoni. Akaniuliza barua iko wapi. Nikamuuliza barua gani. Akasema akili za mtoto zimetoka upande wake, kwa hiyo na barua ni ya upande wake. Nikamwambia upande wake ulitoa masikio tu, na tangu utotoni namsuka nywele za kuyafunika.

Akakaa. Kwenye kigoda. Saa mbili nzima ameyakalia maisha ya mjukuu wetu, na Mkwe si mtu mwepesi. Kila akijigeuza, karatasi inalia chini yake. Nikawa nakohoa ili kuifunika sauti. Mwishowe akanishauri nikapimwe kifua.

Mkono mzuri: nilimfikiria yeye. Wanawe wazima, mume yupo na bado anamnunia, bahati zote hizo. Nikalikataa wazo. Afadhali barua ikae miaka mia.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sisimizi hali chakula. Anakipanga upande huu wa sahani, anakihamishia upande ule. Ameuliza mara tatu kama tarishi amepita. Nikamjibu kwamba mambo ya tarishi hayajulikani mpaka yajulikane. Aliniangalia kidogo.

Nikamgeuzia maneno. Nikamwambia anieleze hao wanaogombana miaka mia wanasemaje. Hapo akasahau barua, akaanza kutafuna bila kujua. Ndivyo ninavyomlisha siku hizi, kwa maswali.

Akasema wapo wanaoamini chembe ina njia yake moja siku zote, ila inabebwa na wimbi, kama jani kwenye mfereji, na mfereji hatuuoni. Hawa nimewapenda, ni watu wa kutulia. Wapo wanaosema usiulize jani liko wapi, uliza kipimo kitasoma nini, hesabu ikitoka sawa funga mdomo. Hawa ni mama yetu na mapishi yake, kikiiva usiulize kwa nini. Wapo wanaosema wimbi si kitu kilichopo duniani, ni matarajio ya mpimaji tu, yamo kichwani mwake. Na wapo (hapa aliteremsha sauti kama anayesengenya) wanaosema hakuna kinachochaguliwa kabisa. Chembe imepita kote, na dunia nayo imegawanyika. Humu imepita kushoto, kule imepita kulia, na sisi tupo kote kote.

Nikamuuliza kama basi ipo dunia ambayo ile barua ya hospitali ilisomeka vizuri. Kijiko kikasimama. Akasema hao wangekuambia ndiyo, bibi, ila njia ya kufika hakuna. Nikamwambia sina haja ya kufika. Nilitaka tu kujua kama kuna mahali bado anakoroma.

Watu hawa nawaheshimu, mdogo wangu. Jambo dogo lisiloonekana, na hawalipuuzi. Wanakaa nalo kizazi baada ya kizazi, hawachomani visu, wanaandikiana. Sisi tumegombania shamba la baba miaka kumi na hatukuandikiana hata mstari mmoja.

Lakini akaongeza kitu wakati wa kufuta meza. Akasema kupima si lazima jicho. Joto likiigusa chembe, hewa ikiigonga, tayari imepimwa, siri imetoka. Ndiyo maana mashine nyingine huwekwa gizani, kwenye baridi kali, hewa yote imenyonywa.

Siku tatu barua iko chini ya kigoda. Na Mkwe ameipasha joto saa mbili.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Leo nimefanya kazi ya kisomi. Nimeivika barua foili, ile karatasi ya bati ya jikoni, mara tatu, nikaitia katika mfuko wa nailoni, nikaizika ndani ya friza chini ya samaki, ambao nao wamevikwa foili. Giza. Baridi. Hewa nimeinyonya mwenyewe kwa mdomo kabla ya kufunga fundo. Nilisimama mbele ya friji nimeshika kiuno kama mhadhiri.

Sisimizi aliporudi akauliza kwa nini natabasamu. Nikasema jino.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Umeme umekatika tangu alfajiri. Sisimizi yuko maabara, kule wana jenereta. Mimi niko juu ya paa naanika mashuka. Mkwe akaita kutoka chini, ana wageni, hana kitoweo. Nikaona heri samaki waliwe kuliko waharibike. Nikamwambia aingie, achukue mmoja kwenye friza, waliofungwa foili.

Mashuka manne baadaye nikashuka. Samaki walikuwa watatu. Wamebaki watatu.

Sijakimbia hivi tangu ujana. Nimemkuta Mkwe jikoni kwake, barua iko kwenye bakuli. Mfuko ulikuwa na tundu, maji ya barafu yameingia, na foili aliichana pembeni tu ili kiungo kipenye kabla hajaifungua. Ameshaikamulia limau. Ameshaitia chumvi. Akasema alijiuliza ni samaki gani huyu mwembamba, lakini hakutaka kunisema mbele za wageni.

Akaivua foili mpaka mhuri ukaonekana. Akaniangalia. Nikamweleza yote, chembe, mawimbi, friza. Nilingoja kicheko. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Akasema mficha uchi hazai. Halafu akairudisha foili pole pole kama mtu anayemfunika mtoto. Akasema tangu Jumanne alijua ninayo, karatasi aliisikia chini yake, na hakuinuka kwa sababu akiinuka ingebidi isomwe.

Tukakaa pembeni mwa lile bakuli, wanawake wawili wenye meno kumi na tisa kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu. Wageni wake wamekula mayai. Sijawahi kumpenda Mkwe kama leo. Usije ukamwambia.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kesho siku saba zinaisha. Barua imerudi friza.

Asubuhi nikamuuliza Sisimizi swali ambalo limenikaa kooni. Wamejuaje kwamba chembe haina jibu tayari ndani yake, limeandikwa tangu mwanzo, ila sisi tu hatujalisoma? Akaacha kufunga viatu. Akasema, bibi, hicho ndicho kitabu changu kizima.

Akaleta vikombe vitatu na maharage, mekundu na meupe. Akasema chembe mbili huzaliwa pamoja, mapacha. Moja inatupwa kushoto, nyingine kulia, mbali. Yapo maswali matatu. Kila pacha anaulizwa moja tu, na linachaguliwa wakati wameshaachana. Jibu ni ndiyo au hapana. Na kila wakiulizwa swali moja, majibu yao hayatofautiani kamwe.

Nikamwambia hapo hakuna muujiza. Wajomba zake mapacha walivunja mtungi, nikamtia mmoja jikoni, mmoja chumbani, wakanijibu sawa neno kwa neno. Walipanga njiani. Akasema vizuri, sasa wewe wapangie. Kikombe kimoja kwa kila swali. Harage jekundu ni ndiyo, jeupe ni hapana.

Nikapanga. Mekundu matatu: hao watafanana hata wakiulizwa maswali tofauti. Mekundu mawili na jeupe moja: wakiulizwa tofauti, watafanana mara moja katika tatu. Nikageuza, nikahamisha, nikapanga namna zote nane. Rangi mbili, vikombe vitatu, lazima vikombe viwili vilingane. Chini ya mara moja katika tatu huwezi kushuka. Nikajaribu kuacha kikombe kitupu, akanishika mkono.

Nikamuuliza mashine yake inasemaje. Akasema mara moja katika nne. Ameuliza mapacha mamilioni, miaka sita. Moja katika nne.

Nikapanga maharage tena tangu mwanzo. Yeye alisimama tu na kiatu kimoja, akaningoja. Kisha wa kuyaachia maharage nikawa mimi. Mimi.

Nikasema basi hawakupanga. Akasema hawakupanga, au kama walipanga, wananong'onezana kwa mbio kuliko mwanga wenyewe. Wale wa jani na mfereji wanaukubali huo mnong'ono. Wengine wanasema jibu halikuwepo kabla ya swali. Lakini ule mpango wa kawaida, wa kuandika jibu na kuliweka mfukoni kabla ya safari, huo umekufa. Mdogo wangu, watu wameishika dunia wakaiuliza mahali pasipofikika, nayo ikajibu, na mjukuu wangu alikuwepo. Nilimtazama yule mtoto wa mvi mbili nikaona ni mkubwa kuliko nyumba.

Nikamuuliza polepole: na barua, kwa mfano? Akasema barua ni maharage tu, bibi. Imeshaandikwa. Usipoisoma ni wewe hujui, barua inajijua.

Nikaenda friza.

Aliifungua mezani. Ndani, karatasi yote ilikuwa samawati, limau na chumvi vimeutembeza wino kutoka kona mpaka kona. Akaigeuza mbele na nyuma. Akasema wamehangaika miaka yote hiyo kutengeneza kitu kisicho na jibu ndani yake, na mimi nimekipata kwa limau. Alisema kama mzaha lakini karatasi hakuiachia. Kisha akasema, siku sita, bibi. Siku sita unaniona ninakufa mezani kwako.

Nilimshika yale masikio ya upande wa pili, nikaweka paji langu kwenye paji lake, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Chuoni. Sisimizi, mimi, na Mkwe aliyejileta mwenyewe na mkoba wa harusini. Katibu muhtasi alisema nakala iko kwenye faili, lakini faili hutoka kwa amri ya mkuu tu.

Mkuu wa idara ni mzee mwembamba, sweta imetoboka kiwiko. Aliinusa barua. Akauliza kwa nini ina limau. Sisimizi akafungua mdomo, nikamtangulia, maana kosa langu sisemewi. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza kilichonifanya niitoe. Nikamwambia vikombe vitatu. Akanisogezea sanduku la vibanio vya karatasi, vya rangi rangi, akasema nimwonyeshe.

Nikamwonyesha namna zote nane. Hakunikatiza, jifunze kwake. Nilipomaliza akasema yeye ni wa upande wa kufunga mdomo na kukokotoa. Nikamwambia mtu mzima kutouliza jambo lililo mbele yake ni uvivu, na anunue sweta. Sisimizi akanifinya. Mkwe akasema nilichosema ni kweli, hasa ya sweta. Mzee akaangalia kiwiko chake kwa mshangao wa kweli, kama chembe iliyopimwa.

Kisha akatoa nakala. Mimi na Mkwe tukafumba macho. Nilikuwa nayajua maharage yote, na bado nilifumba.

Sisimizi akasoma kimya. Nilisikia akiomba kalamu. Hapo nikajua. Mtu hajibu hapana kwa kalamu ya haraka vile. Wamekubali. Atajitetea tarehe mbili Aprili. Ametia sahihi saa sita kasorobo, siku ya saba.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Ukumbi umejaa. Mimi na Mkwe safu ya nyuma, tumeapishwa tusiseme neno.

Mtahini wa kutoka mbali, mwanamke mfupi wa sauti ndogo, akamuuliza Sisimizi: na je, kama hata kuchagua kwetu maswali kulikuwa kumepangwa tangu zamani, pamoja na mapacha? Nilikamata paja la Mkwe. Sisimizi akanywa maji. Akasema mlango huo hakuna mashine itakayoweza kuufunga. Lakini anayeupita aache pia kuamini dawa aliyopimiwa na mizani aliyouziwa, maana hakuna jaribio lolote litakalobaki limesimama. Yeye haupiti, akasema, ila anajua uko wapi.

Yule mwanamke mfupi akainamisha kichwa na kuandika. Mimi nikapiga makofi. Haikuwa wakati wake. Nilipiga peke yangu kwa muda mrefu, kisha Mkwe akajiunga kwa aibu, kisha yule mzee. Amevaa sweta mpya.

Wamempa. Ni daktari. Mkwe analia ananiambia ni akili za upande wake. Leo nimemwachia.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Tarishi mwingine, saa tatu. Bahasha inatoka chuo cha ng'ambo, wanaomtaka Sisimizi akafanye kazi kwao. Mbali. Ndege mbili. Nene hivi. Mkwe, msomi wetu, anasema wanaokataa hutuma nyembamba. Ajibu ndani ya majuma matatu.

Safari hii sijidanganyi, mdogo wangu. Sisemi ndani mna ndiyo na mna hapana. Nimesoma vikombe, najua. Imeshaandikwa, na iliyoandikwa ni ndiyo. Ndiyo maana nimeificha.

Si milele. Majuma mawili tu, mtoto apumzike, apate shavu. Tumekubaliana na Mkwe: juma moja kwake, juma moja kwangu, na samaki hatununui.

Kwa hiyo magoti yako yaache nyumbani, uje Jumapili. Lete lile kopo lako kubwa lenye mfuniko wa kukaza, lisiloingiza maji. Sisimizi akikukuta mlangoni, mwambie ni la sukari.